Zamu Yetu Kwenye Reli ya Same

Mataruma ya reli yakianza kuchomwa na jua la asubuhi hutoa harufu nzito ya mafuta meusi yaliyokaa ndani ya mbao kwa miaka mingi. Inakaribia harufu ya lami mbichi, lakini ina uchungu zaidi, na hubaki kooni hata baada ya pua kuizoea. Juma lililopita niliketi katika jukwaa la stesheni ya Same, mfuko wa makaratasi mapajani, nikienda Moshi kwenye mkutano mwingine kuhusu usafiri wa wagonjwa wanaotoka vijiji vya milimani. Nimehudhuria mikutano ya aina hiyo tangu nilipoajiriwa kuwa ofisa maendeleo ya jamii, na nimechoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Kando yangu aliketi mama kijana aliyempakata mtoto. Akaniuliza, kama mtu yeyote anavyoweza kumwuliza jirani yake, "Dada, eti treni iko wapi?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, maneno mawili tu. Nilifungua kinywa, nikakifunga, kisha nikamwambia kwamba sijui. Alinitazama kwa mshangao kidogo, labda kwa sababu nilikuwa nimechukua muda mrefu mno kukiri jambo dogo namna ile.

Wenzangu wa rika langu, hasa ninyi mliolelewa na bibi na babu zenu kama mimi, mtaelewa kwa nini ilinichukua muda. Tulikua tukitumwa na watu wazima kukaa mahali fulani na kusema maneno fulani, na hatukuuliza maneno yale yalikuwa ya nini.

Kwetu ni Bombo, upande wa milima ya Upare wa Kusini unaotazama mawio ya jua. Maji ya kumwagilia mashamba hukusanywa kwenye bwawa la kijiji, ambalo sisi huliita ndiva. Kijito hulijaza usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa ili maji yateremke kwa mfereji, shamba baada ya shamba, kwa zamu. Babu yangu alikuwa mgawa maji. Ni yeye aliyejua nani anamfuata nani, na nani alikopeshwa nusu ya zamu msimu uliopita akasahau kuirudisha. Wapare tunasemwa kuwa tunapenda kesi, nami sitabisha, maana nimekua nikisikiliza kesi za maji zikianza mlangoni petu kabla ya uji kuiva. Babu alizimaliza kwa kukohoa mara moja. Akishakohoa, watu wenye ndevu walinyamaza.

Zamu ililindwa na mtu. Haikuwa lazima awe mwenye shamba. Hata mtoto alitosha, mradi awe amekaa kando ya mfereji na amechomeka kijiti chake kwenye udongo. Akiondoka, maji yanampita na kwenda kwa jirani, na hakuna rufaa. Kwa sababu hiyo kulikuwa na desturi ambayo kila mtoto wa kwetu alifundishwa mapema. Mtu wa nyumbani kwenu akija kukuuliza, "Maji yako wapi?" usijibu kwamba hujui, wala usijibu kwamba hujayaona. Unajibu, "Yako njiani." Jibu hilo halikuwa habari ya maji hata kidogo. Maana yake ilikuwa: nipo, sijaondoka, shamba letu halijapoteza nafasi.

Hayo nayaeleza leo kwa akili ya mtu aliyesoma. Nilipokuwa na umri wa miaka minane niliyaelewa kwa namna nyingine kabisa. Niliamini kwamba jibu lile ndilo lililoyavuta maji. Sikukumbuka hata siku moja ambayo nililitamka na maji yasije. Wakati mwingine yalichelewa mpaka miguu ikafa ganzi, lakini yalikuja, yakitanguliwa na majani makavu na povu la rangi ya chai, nami nilijiona kama mtu aliyeyaita kwa jina.

Siku Babu alipoanguka, kijiji kilikuwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kutengeneza ukuta wa ndiva uliokuwa umebomoka upande mmoja. Alipanda juu kuwaonyesha vijana mawe yanavyopangwa, jiwe likamtoka mguuni. Nakumbuka zaidi sauti ya kuanguka kwake kuliko kuanguka kwenyewe. Wanaume walimbeba kwa machela hadi kwa mganga wa zahanati, ambaye alimfunga mbao mbili ubavuni na kusema kwamba nyonga imevunjika, apelekwe Moshi, na apelekwe upesi, kwa sababu mfupa wa mzee usiporudishwa mahali pake mapema hujishikiza wenyewe unavyotaka, na hapo hatasimama tena.

"Atasimama," Bibi alisema, kana kwamba anamjibu mtu aliyemtukana mumewe.

Tukaondoka watatu, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa na watu watatu tu. Gari lililotushusha lilikuwa pikapu iliyozoea kubeba ndizi na tangawizi. Kutoka Bombo barabara hujipinda mpaka tambarare, kisha hufuata njia ya vumbi ya Kisiwani hadi Same, na siku zile njia hiyo ilikuwa mashimo matupu. Bibi alikishika kichwa cha Babu, nami nilipewa kazi ya kuushika mguu mzuri usiugonge mguu mbovu. Nilikuwa sijawahi kumsikia Babu akilia. Mwanzoni sikuelewa kwamba ni yeye. Nilidhani ni bawaba ya mlango wa nyuma wa gari. Tulipofika Same, upindo wa blanketi ulikuwa na matundu ya meno, na mate yaliyochanganyika na vumbi yalikuwa yamekauka kidevuni pake. Bibi alimfuta kwa kanga, nasi tukafanya kama hakuna kilichotokea.

Stendi, mabasi ya kwenda Moshi na Arusha yaliingia na kutoka. Bibi alilisimamisha moja. Konda akashuka, akamtazama Babu aliyekuwa amelazwa kwenye machela kivulini.

"Bibi, shikamoo. Huyu mzee atakaa?"

"Marahaba. Atakaa."

"Atakaaje? Mguu wenyewe umeelekea Tanga, na yeye anataka Moshi."

Watu wakacheka. Hata Babu alicheka, mcheko mfupi uliokatwa na maumivu. Konda yule hakuwa na roho mbaya. Aliomba radhi, akaeleza kwamba mtu akilala kwenye njia ya katikati abiria hawana pa kupita, kisha akapiga bodi ya gari kwa kiganja na basi likaondoka. La pili lilisema hivyo hivyo kwa maneno machache zaidi. Gari la wagonjwa halikuwa kitu ambacho watu kama sisi walikifikiria. Jua lilipoanza kuinama, Shangazi Nakiete, binti mkubwa wa Babu, aliacha biashara yake ya chai pale stendi, akatafuta vijana wanne, wakambeba Babu hadi nyumbani kwake, nyuma ya stesheni ya reli.

Ni Shangazi aliyeleta habari za treni. Siku zile treni ya abiria ilikuwa bado haijafufuliwa; alituambia kwamba ilikuwa imekufa zamani, lakini ya mizigo bado ilipita, mara moja kwa wiki au mbili, bila ratiba. Nyuma yake kabisa kulikuwa na behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni, lenye benchi refu la mbao. Jirani yake mmoja aliwahi kulazwa humo hadi Moshi alipozidiwa na uchungu wa uzazi, kwa hisani ya wafanyakazi.

"Inapita lini?" Bibi aliuliza.

"Mama, nimekwambia haina siku. Ikisikika honi, unakimbia. Ikisimama kidogo, unaomba."

"Kwa hiyo lazima mtu awe pale."

"Afanye nini pale? Honi inasikika mpaka hapa jikoni."

"Awe pale," Bibi alisema, na akanigeukia mimi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa stesheni kabla ya mbuzi. Nasema kabla ya mbuzi kwa sababu ndio waliokuwa abiria wa jukwaa lile. Walikuja jua likipanda, wakalala kwenye kivuli cha paa. Dirisha la tiketi lilikuwa limepigiliwa ubao. Mizani kubwa ya kupimia mizigo ilisimama ukutani, mshale wake ukionyesha uzito fulani ingawa hapakuwa na mzigo juu yake, na kwa siku nyingi niliogopa kuikanyaga nikidhani kuna kitu nisichokiona kimekaa pale. Vigae vya paa vilikuwa na viota vya mbayuwayu. Nikatafuta kijiti cha mnyaa, nikashuka relini, nikakichomeka katikati ya kokoto.

Mtu alikohoa nyuma yangu. Alikuwa mlinzi, Mzee Shabani, mwenye kofia ya kufuma na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira.

"Wee binti, unapanda nini hapo kwenye kokoto?"

"Shikamoo. Napanda zamu yetu."

"Marahaba. Zamu ya nini?"

"Ya treni. Babu anakwenda Moshi."

Alikitazama kijiti, akanitazama mimi. "Haya, basi kimwagilie, kisije kikanyauka kabla treni haijafika."

Nikakimwagilia. Nilikuwa na maji ya kunywa kwenye chupa, nikamimina kidogo, naye akaacha mzaha. Baadaye alinionyesha mahali penye kivuli kirefu zaidi, akaniambia nisikae kwenye ncha ya jukwaa. Kwa siku zilizofuata alikuwa akinigawia muhogo wa kuchemsha na kunisimulia jinsi jukwaa lile lilivyokuwa likijaa. Magari ya milimani yalishusha watu asubuhi, alisema, kutoka Vudee, Chome na Mamba, na treni ilipoingia, watu walipitishia watoto madirishani. Niliyapokea hayo yote kama ushahidi. Kama watu wengi kiasi hicho walikuwa wamewahi kungoja na wakaondoka, basi hakika lilikuwa suala la kungoja tu.

Kila mchana Bibi alikuja na bakuli la makande. Alisimama kwenye ngazi, hakupanda jukwaani.

"Treni iko wapi?"

"Iko njiani."

"Haya, kula."

Hakukuwa na zaidi ya hayo. Alichukua bakuli tupu na kurudi kwa Babu. Nami nilibaki nikiitazama reli mahali inapopotelea kwenye mvuke wa joto, ambapo vichaka vya miiba vilionekana kama vinaelea juu ya maji, nikiwa na imani kwamba neno langu lilikuwa limekwenda huko na lilikuwa linafanya kazi.

Siku ya nne, karibu na saa tano, mtoto wa jirani yake Shangazi alikuja mbio kuniambia ninaitwa nyumbani. Nilihangaika. Kuacha mfereji ni kupoteza zamu. Nilimwomba Mzee Shabani akiangalie kijiti changu, naye akaapa kwa uso mkavu kwamba hakuna atakayekigusa, hata mbuzi.

Mlangoni kwa Shangazi lilikuwa limesimama lori aina ya Fuso, limesheheni magunia ya mpunga kutoka Ndungu. Mwenyewe aliitwa Athumani, mfanyabiashara wa Lembeni aliyekuwa mteja wa chai ya Shangazi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa ameingia hadi chumbani, amechuchumaa kando ya kitanda cha Babu.

"Mzee wangu, mpunga hauna miiba. Nakutandikia godoro juu ya magunia, nakufunga turubai lisikupige jua. Alasiri uko Moshi, hospitalini, unalalamikia chakula chao."

"Gari lako lina springi?" Babu aliuliza.

"Zote alizoziweka Mjapani. Moja tu ndiyo imechoka, na hiyo iko upande wa kwangu."

Shangazi akacheka. Bibi alikuwa amekwisha kuanza kukunja kanga na kuziweka kwenye kapu. Nakumbuka sufuria yetu ndogo ikiwa imefungwa kwa kitambaa tayari. Nilielewa kwamba tunaondoka, na niliona uchungu kidogo kwa ajili ya zamu yangu, lakini si sana. Fuso lilikuwa refu na lilipakwa rangi nyekundu mbele.

Ndipo Babu aliponiona mlangoni. Aliniita kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake mzazi.

"Mama, njoo."

Nikasogea. Chumba kilinuka dawa ya kuchua, jasho, na kitu kingine ambacho mtoto hujua kukitambua lakini hujifunza kutokitaja. Babu hakuwa amewahi kuniuliza swali lile. Siku zote aliyeuliza alikuwa Bibi. Alininyooshea mkono, akanishika kiganja.

"Treni iko wapi?"

"Iko njiani," nilisema.

Athumani alinigeukia. "Nani kakuambia, binti? Mlinzi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la pili. Kwenye mfereji hapakuwa na swali la pili.

"Mzee Shabani ndiye kakuambia?" Shangazi aliuliza. "Kapigiwa simu?"

"Iko njiani," nilirudia, kwa nguvu zaidi, kwa sababu niliona wanataka kuivunja zamu yetu, na jambo pekee nililofundishwa kufanya mtu akitaka kuivunja zamu ni kurudia.

"Mmesikia," Babu alisema. "Mtoto anatoka huko huko. Treni ina benchi, mtu analala kama yuko nyumbani. Athumani mwanangu, Mungu akubariki. Usicheleweshe mpunga wa watu kwa ajili yangu."

"Mzee, una hakika?"

"Nina hakika."

Athumani alisimama, akajipangusa magoti. Alisema atapita tena juma lijalo, Mungu akijalia, na kama bado tupo atatubeba. Bibi alikuwa amesimama na kanga moja mikononi, nusu imekunjwa, akimtazama Babu, naye Babu alitazama dari. Kisha akaikunjua polepole, akamfunika nayo miguuni. Nilirudi stesheni nikikimbia, nikiwa na furaha kubwa. Kijiti kilikuwepo.

Treni ilikuja siku mbili baadaye. Niliisikia kwanza kwenye reli yenyewe, mlio mwembamba kama wa nyuki ndani ya chuma, halafu honi. Nilipiga kelele, Mzee Shabani akatoka, na kutoka nyuma ya stesheni nilimsikia Shangazi akiwaita vijana wa machela. Nilisimama kwenye ncha ya jukwaa, mahali nilipokatazwa, mkono juu, nikitazama upande wa Tanga. Lakini mlio ulitoka mgongoni mwangu. Nilipogeuka, kichwa cha treni kilikuwa kinakuja kutoka upande wa Moshi.

Sikuona tatizo. Niliwaza kwamba itasimama, itazunguka, kama pikapu inavyozunguka sokoni, kisha itampakia Babu na kurudi ilikotoka.

"Hii inateremka, mjukuu wangu," Mzee Shabani alisema. Aliniweka mkono begani na kunivuta nyuma. "Hii ni ya Tanga."

Ilipunguza mwendo, haikusimama. Mabehewa yalipita moja baada ya jingine, yamefungwa, yamejaa vumbi, na upepo wake ulikuwa wa moto. La mwisho lilikuwa la gadi. Niliona benchi. Mwanamume alikuwa amekaa juu yake, amenyoosha miguu, anamenya chungwa, naye alipouona mkono wangu uko juu alidhani namsalimu, akanipungia. Shangazi na vijana wanne walifika na Babu kwenye machela wakati behewa lile linapita nguzo ya mwisho. Walimweka chini kwenye jukwaa, wakihema. Babu aliitazama reli tupu. Hakuonekana kushangaa. Alisema tu kwamba jua ni kali, wamrudishe ndani.

Athumani alitimiza ahadi juma lililofuata, na safari hiyo hakuna aliyeniuliza treni iko wapi. Moshi walimpokea na kumhudumia kadiri walivyoweza, lakini mfupa ulikuwa umekwisha kujishikiza vibaya, na umri wake haukuruhusu kuuvunja tena. Alirudi Same amelala na alibaki amelala. Kupanda naye Bombo hakukuwezekana, na tulipolijaribu wazo hilo kwa maneno tu uso wake ulibadilika, tukaliacha. Akaishi kwenye chumba kile cha Shangazi, nyuma ya stesheni. Kijiji kilichagua mgawa maji mwingine. Watu walishuka mara chache za mwanzo kumwuliza kuhusu zamu za zamani, kisha wakazoea kutomwuliza. Bibi aligawanyika kati ya mlima na mji mpaka mgongo wake ukapinda.

Nami nilijua ni nani aliyefanya hivyo. Nilijua kwa uhakika alionao mtoto, usiohitaji shahidi. Niliacha kutamka maneno yale mawili. Shuleni nilikuwa mwanafunzi ambaye mwalimu akiuliza jambo, hujibu tu kama ameliona kwa macho yake, na wenzangu waliniita Hakimu, kwa kejeli, nikalikubali jina. Nilipochagua kozi chuoni nilijaza fomu kwa sababu ya hatia hiyo hiyo, ingawa kwenye nafasi ya kuandika sababu niliandika habari za kuitumikia jamii. Watu husifu msimamo wangu. Sijawahi kumweleza mtu yeyote kwamba msimamo huo ulianza kama adhabu niliyojipa.

Nilimwambia Babu nikiwa na miaka kumi na sita, wakati wa likizo. Bibi alikuwa mlimani, Shangazi yuko stendi. Nilikuwa namnyoa ndevu kwa wembe na sabuni ya kufulia, kazi niliyoipenda kwa sababu ilitulazimisha sote wawili tunyamaze. Nilipomaliza shavu la kulia, nilisema.

"Babu, siku ile Athumani alipokuja na Fuso. Treni haikuwa njiani. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia."

Nilifikiri hakusikia. Nikaanza kurudia, akaninyamazisha kwa kidole.

"Unadhani sikujua?"

Nikashusha wembe.

"Nimegawa maji tangu baba yako hajazaliwa," alisema. "Watoto wangapi wamenijibu hivyo, mfereji mkavu, vumbi tupu? Nilikuwa nakwenda zangu huku nacheka. Ningeshindwaje kujua?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Povu lilikuwa linakauka kwenye shavu la kushoto.

"Lile gari la kutoka nyumbani," alisema. "Ile njia ya Kisiwani. Mpaka leo nikilala nayapita tena yale mashimo moja moja. Nilipolisikia Fuso mlangoni, nilijikojolea, mama. Bibi yako aliona. Athumani amechuchumaa pale, ananisihi kwa heshima zote, na mimi nimelowa. Ningemwambia nini? Kwamba mgawa maji wa Bombo anaogopa kupanda gari? Nikakuita wewe. Nilijua utakachojibu."

Nilitazama mikono yangu. Nilitaka kukasirika, na hasira ilikuwepo, naiona hadi leo. Lakini ilikuwa imechoka kabla ya kuanza, kama mtu aliyepanda mlima mzima na kukuta nyumba aliyoifuata imefungwa. Miaka minane. Bibi aliyekunjua kanga ile polepole alijua. Yeye Babu alijua. Katika chumba kile, aliyeamini neno langu kwa moyo wote nilikuwa mimi peke yangu.

"Mimi nilidhani ni mimi," nilisema.

"Wewe ndiwe nini?"

"Niliyekufanya usitembee."

Aligeuza kichwa ghafla hivi kwamba wembe ungekuwa bado shavuni ungemkata. "Ulikuwa umelibeba hilo?"

"Ndiyo."

"Tangu siku ile?"

"Ndiyo, Babu."

Nilimwona akitafuta kikohozi chake kile, cha kumaliza kesi, na nikaona kwamba hakipati.

"Ungeniuliza," alisema hatimaye.

"Ungeniambia?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa haki katika mambo ya maji, na nadhani alijaribu kuwa wa haki hata hapo. "Sijui," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima akizungumza na mtoto, akasema, "Niwie radhi, mama."

Nilimaliza shavu la kushoto, nikamwosha uso kwa maji ya vuguvugu. Aliniambia ubavu unamuuma, nimgeuze. Nikaingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga ile mbovu, kama nilivyofundishwa, nikamgeuza kuelekea ukutani, nikamkaza mto mgongoni. Halafu nikavuta kigoda, nikakibana kwenye nafasi ndogo kati ya kitanda na ukuta, nikakaa upande ule aliougeukia, ili akifumbua macho anione.